Sura ya Saba: Mkono Usiojua Kuzima

Inspekta Subiri alipanda lifti ya kampuni ya Kishada akiwa na hasira mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kuitwa kazini siku yake ya mapumziko. Ya pili, na ndiyo iliyomkereketa, ni kwamba aliyemwita alikuwa Mkuu mpya wa upelelezi, kijana ambaye Subiri mwenyewe alimfundisha kuchukua alama za vidole bila kuzivuruga. Leo kijana huyo ana ofisi yenye zulia, na mama huyu aliyemfundisha ana kiti chenye mguu mbovu. Subiri alimwonea wivu na wala hakuuficha. Alichosisitiza tu ni kwamba wivu wake ulikuwa wa haki.

Jina la Subiri hakupewa na wazazi. Alipewa na wenzake ofisini, kwa sababu kila walipokwisha kutoa pingu mfukoni, yeye ndiye aliyekuwa akisema, "Subiri kwanza."

"Mtu wako yuko hapo hapo," Mkuu alimwambia kwenye simu. "Amekutwa na vipande mkononi. Unasubiri nini tena? Mlete kabla ya saa sita, waandishi wa habari wamenikalia kooni."

"Nitamleta nikimpata, Mkuu," alisema Subiri, na neno hilo "Mkuu" lilimpita kooni kama mwiba wa samaki.

Kesi yenyewe ilionekana rahisi, na hilo ndilo lililomtia shaka. Kishada ni kampuni inayochapisha gemu za video na kuziuza dunia nzima. Ilianzishwa na ndugu wawili na msichana mmoja. Kaka mkubwa, aliyekuwa mchuuzi wa midoli, leo ndiye Mkurugenzi. Mdogo wake, ambaye hata makaratasi ya kampuni yanamwita Fundi, ndiye aliyeandika programu ya gemu yao ya kwanza, *Paka wa Mapaa*. Msichana, Bi Mchoraji, alichora kila tofali na kila paa la gemu hiyo, kisha akaolewa na kaka mkubwa. Fundi aliondoka kwa ugomvi muda si mrefu baada ya harusi. Wiki hii alikuwa amerudi kwa mara ya kwanza, amealikwa kwenye sherehe ya kufungua chumba cha historia ya kampuni. Na asubuhi hii kaseti ya kwanza kabisa ya *Paka wa Mapaa*, kisanduku cha plastiki chenye gemu ndani, iliyo peke yake duniani, ilikutwa imesagwa, naye Fundi amepiga magoti sakafuni ameshika vipande vyake.

Aliyemkuta hivyo alikuwa Mtunza, mwanamke mwembamba aliyeajiriwa kupanga chumba hicho. Alimpokea Subiri mlangoni akiwa bado amevaa glavu zake nyeupe, macho mekundu.

"Nilishuka kuchukua chai tu," alisema. "Nimerudi, naona hivi."

"Nani alikuwepo kwenye ghorofa?"

"Mimi, Mkurugenzi ofisini kwake, Bi Mchoraji kwenye chumba chake cha kuchorea, na huyo Fundi. Wafanyakazi wengine wote wako ukumbini chini wanapanga viti."

"Kaseti ilivunjwaje?"

Mtunza alimwonyesha mlango mzito wa chuma, ule wa kuzuia moto. Kwenye bawaba kulikuwa na unga wa plastiki ya kijivu. Mtu alikuwa ameitia kaseti kati ya mlango na fremu, akausukuma mlango kwa nguvu, na alipoona haijatosha akarudia. Kazi hiyo haikuhitaji nyundo wala misuli. Ilihitaji uchungu tu, na katika familia uchungu haukosekani.

Subiri alizunguka chumba taratibu. Ukutani historia ya kampuni ilipangwa kwa picha. Hapa ni chumba cha kushonea cha mama yao, ambapo kaseti za mwanzo zilitiwa kwenye maboksi kwa mkono. Pale Mkurugenzi anasaini mkataba na msambazaji wa kwanza wa nje. Pale amenunua kampuni ndogo ya nchi nyingine, na pale amenunua iliyotaka kumnunua yeye. Kila picha ilikuwa na Mkurugenzi katikati, meno nje. Kwenye picha moja ya zamani, pembeni kabisa, palibaki kiwiko cha mtu aliyekatwa.

"Hicho kiwiko ni cha nani?"

"Cha Fundi," alisema Mtunza kwa sauti ya chini. "Nilitaka kuweka picha nzima. Mkurugenzi akasema hiyo ndiyo iliyokaa vizuri."

Katikati ya chumba, juu ya meza, ilikuwapo mashine ya kuchezea gemu ya zamani iliyounganishwa na televisheni. Taa yake nyekundu ilikuwa inawaka. Tundu la kaseti lilikuwa wazi na tupu. Kando yake palibandikwa karatasi iliyoandikwa kwa herufi kubwa: USIZIME.

"Kwa nini isizimwe?"

"Mashine hizi hazina kumbukumbu, Inspekta. Ukizima, unaanza upya kabisa. Sisi tuliokua nazo tulikuwa tunasimamisha gemu tunakwenda shule, mashine inawaka kutwa nzima, tumeifunika kitambaa mama asione." Alitabasamu kidogo kisha akakumbuka yaliyotokea. "Mimi jana jioni nilifika mahali sijawahi kufika. Nikaogopa kupapoteza."

"Mahali gani?"

"Chumba cha siri. Kaseti zilizouzwa madukani hazina chumba hicho. Msambazaji wa nje alitaka chipu ndogo, za bei rahisi, ikabidi gemu ipunguzwe, na Mkurugenzi akakubali. Chumba kikaondolewa. Lakini kwenye kaseti ya kwanza kilibaki. Unampeleka paka kwenye bomba la moshi ambalo kila mtu anadhani limeziba, unambonyeza chini, anaingia. Niliingia tu, sikuendelea. Nilisimamisha hapo hapo nikamwambia Mkurugenzi kuna zawadi inamngoja kwenye mashine, ataiona siku ya sherehe."

"Ulimwambia ni nini?"

"Hapana. Ingekuwa zawadi gani?"

Subiri aliinama mbele ya televisheni. Picha ilikuwa imeganda. Nusu ya chini ilikuwa mistari na herufi zisizo na maana, lakini nusu ya juu ilisomeka. Mwanamke alikaa dirishani, ametengenezwa kwa nukta nene nene, shingo ndefu, kilemba cha rangi mbili. Alikuwa ameugeuza uso wake upande wa kulia. Kushoto, chini ya dirisha, palikuwa na paka mweusi.

"Imegandaje hivi?"

"Mtu amechomoa kaseti mashine ikiwa inawaka." Mtunza alisema kama mtu anayetaja dhambi. "Haifanyiki. Utaiunguza chipu. Kabla hujagusa kaseti unazima. Tulipigwa makofi kwa hilo."

Subiri alichukua kitambaa cha kufutia vumbi akaifunika televisheni. "Picha hii usimtajie mtu. Hata Mkurugenzi. Na una mashine nyingine kama hii?"

"Ipo ya akiba. Na kaseti ya dukani pia."

"Iwashe. Nitaihitaji."

*

Fundi alikuwa amewekwa kwenye stoo, kati ya maboksi ya fulana za sherehe. Alikuwa mtu mzima mwenye kalamu tatu mfukoni na kidole gumba kilichofungwa kitambaa chenye damu.

"Umejikata na nini?"

"Na plastiki. Nilikuwa naokota."

"Kwa nini usimwite mtu?"

"Inspekta, ukikuta mtoto wako ameanguka, unaita mtu au unamwinua?"

Subiri alivuta boksi akakaa. "Wanasema ulikuwa na chuki na kaka yako."

"Wanasema kweli." Fundi hakupepesa jicho. "Magazeti ya nje yalikuwa yakija yananitaka mimi, kaka ananuna wiki nzima. Yeye akirudi na mkataba, watu wanambeba juu juu, mimi sili. Mama yetu alifika mahali akatutenga meza kama watoto. Lakini nivunje kaseti ile? Kitu pekee humu ndani chenye mkono wangu? Ukutani wameniachia kiwiko."

"Basi nani kavunja?"

Fundi alitazama kidole chake. "Sijui."

"Hujui au hutaki?"

"Yule ni kaka yangu, mama. Ukitaka jina, litafute wewe. Usinitume mimi."

Hapo Subiri aliona mambo mawili. La kwanza, mtu huyu alikuwa anamshuku kaka yake. La pili, alikuwa tayari kulala rumande kuliko kusema. Damu nzito kuliko maji, wanasema, ila Subiri alishaona damu nzito ikimwagwa na wenye damu wenyewe. Akaamua kuuacha mdomo na kuuliza mkono.

"Njoo huku kidogo."

Kwenye meza ya Mtunza mashine ya akiba ilikuwa inawaka, paka mweusi anarukaruka juu ya mapaa. Subiri alijifanya hana haja nayo. "Hebu nitolee hiyo kaseti niione ukubwa wake," alisema, huku akitafuta kalamu kwenye mkoba.

Fundi alinyoosha mkono. Dole gumba lake, lile lililofungwa kitambaa, lilikwenda kwenye swichi kwanza. *Tak.* Skrini ikawa nyeusi. Ndipo akachomoa kaseti akampa. Hakufikiri hata kidogo, alikuwa anamtazama Subiri usoni wakati wote.

"Ahsante," alisema Subiri.

Alimjaribu na Mtunza, kwa sababu aliyemkuta mwenzake na vipande anaweza kuwa ndiye aliyevitengeneza. *Tak.* Mkono wa Mtunza nao ulizima kwanza. Kwa hiyo mtu aliyevunja hakuwa mtu wa gemu. Hilo lilimfurahisha Subiri, kisha likamsumbua. Katika jengo la watu waliotajirika kwa gemu, nani hajui kuzima mashine?

*

Bi Mchoraji alikuwa kwenye chumba chake, anachora maua ya kadi za wageni. Alikuwa na shingo ndefu na kilemba cha rangi mbili, na Subiri alipomwona mlangoni hakuhitaji kuuliza mwanamke wa dirishani ni nani.

Akili ya Subiri ilikimbia upande mmoja. Mke wa mtu mkubwa ana picha yake imefichwa ndani ya gemu iliyoandikwa na shemeji yake. Aibu hiyo inatosha kumfanya mtu avunje kitu kabla ya wageni kuja. Alimleta kwenye mashine ya akiba akamwomba kaseti kama alivyowaomba wengine.

*Tak.* Akazima, akachomoa, akaipuliza vumbi kwa mazoea.

"Shemeji angenigombeza kwa kupuliza," alisema akicheka. "Anasema mate yanaua shaba ya ndani."

Basi si yeye. Subiri alimwongoza mpaka chumba cha historia, akainua kitambaa kwenye televisheni. Kicheko cha Bi Mchoraji kilikatika. Alisogea karibu, akatazama uso wa mwanamke wa nukta, kisha paka, kisha uso tena.

"Iliganda hapa?" aliuliza.

"Hapo."

"Kwa hiyo hakwenda mbele. Paka hakupita dirisha."

"Mbele kuna nini?"

Bi Mchoraji alikigusa kioo kwa ncha ya kidole. "Hiyo ni habari ya nyumbani kwangu, Inspekta. Ikibidi kusemwa, nitaisema kwa mwenyewe."

"Ulichora wewe?"

"Nikachora mimi, shemeji akaandika. Nilimwomba na akanikubalia. Sikujua nilichokuwa namwomba." Alijifuta jicho kwa haraka. "Nilikuja kujua baadaye, alipoondoka."

Simu ya Subiri ilitetemeka. Mkuu alikuwa ametuma ujumbe: *Nawatuma vijana wamchukue.* Subiri alijibu kwamba wapande taratibu, lifti ni mbovu. Lifti ilikuwa nzima. Kisha akamwambia Mtunza abebe mashine ya akiba mpaka ofisi ya Mkurugenzi, na Fundi na Bi Mchoraji wangoje nje ya mlango bila kusema neno.

*

Ofisi ya Mkurugenzi ilijaa maboksi ya gemu kwenye rafu, kwa lugha na herufi za kila aina, na kila boksi lilikuwa na saini yake pembeni. Mwenyewe alikuwa mtu mnene, nadhifu, anayenukia vizuri. Alisimama kumpokea Subiri kwa mikono miwili.

"Pole na kazi, Inspekta. Inaniuma kweli. Mdogo wangu nimemwalika mwenyewe, nimempa chumba hotelini, nimempa na kadi ya mlango. Kumbe kikulacho ki nguoni mwako."

"Inasikitisha. Kwani wewe kule chumba cha historia uliingia lini mara ya mwisho?"

"Jana mchana, na mafundi wa vioo. Leo sijatia mguu. Nimekaa hapa hapa naandika hotuba."

"Kuna zawadi ulikuwa umeambiwa."

"Sina muda wa zawadi, dada yangu. Nina wenye hisa watatu wanatua leo kutoka nje, wanataka kujua kwa nini kitu walichokikatia bima kimekuwa unga."

Mtunza aliingia na mashine, akaiunganisha na televisheni kubwa ya ukutani. Paka mweusi akaanza kuruka. Mkurugenzi aliitazama kwa jicho la mtu aliyeletewa hesabu ya umeme.

"Hii ya nini?"

"Utaratibu tu," alisema Subiri. "Nisaidie kitu kidogo, nitolee hiyo kaseti niipime."

Mkurugenzi aliinama, akaishika kaseti kwa vidole viwili, akaichomoa. Taa nyekundu ikabaki inawaka. Ukutani paka aliganda hewani, miguu juu, na chini yake paa likageuka mistari.

"Mama yangu!" Mtunza aliruka.

"Nini?" Mkurugenzi aliwatazama wote wawili. "Si umesema nitoe?"

"Gemu hii umewahi kuicheza?" aliuliza Subiri.

"Mimi ni mfanyabiashara. Muuza viatu lazima ashinde mbio?"

"Wala. Nilitaka kujua tu."

Subiri alijua kwamba mkono peke yake hautoshi mahakamani. Wakili yeyote angesema kwamba dunia imejaa watu wasiojua kuzima mashine, na Mkuu angecheka mpaka alowe machozi. Kilichobaki kilikuwa mdomo. Mtu mwenye wivu anaweza kuficha kila kitu isipokuwa kinachomwuma, na Subiri aliijua habari hiyo kwa ndani zaidi ya alivyopenda.

"Nitakueleza ukweli," alisema, akikunja daftari kama mtu anayeondoka. "Kesi ya mdogo wako imekwisha. Kitu chenyewe hakikuwa na thamani yoyote. Tumeambiwa hicho kinachoitwa chumba cha siri kilikuwa kitupu. Matofali tu."

"Matofali?"

"Matofali. Mdogo wako aliyaandika akachoka akaacha. Hakuna cha maana."

Shingo ya Mkurugenzi ilivimba juu ya kola. "Amekwambia hivyo? Amekutazama usoni akakwambia matofali? Na yule mwanamke dirishani ni nani? Kilemba kile ni cha nani? Muulize! Muulize mke wa mtu alikuwa anatafuta nini kwenye matofali yake!"

Kisha akasikia alichosema. Mkono wake ulipapasa meza ukakuta kalamu, ukaishika bila sababu.

Njia ya mwongo ni fupi, lakini Subiri hakusherehekea. "Ile picha nimeifunika mwenyewe nilipofika," alisema. "Walioiona nimewaweka mbali nawe tangu asubuhi. Na wewe leo hujatia mguu."

Mkurugenzi alikaa. Alikaa vibaya, nusu ya kiti.

"Nilikwenda kuangalia zawadi," alisema baadaye. "Mtunza alinitia hamu. Nikabonyeza kitufe kimoja tu, gemu ikatembea, nikamwona. Mke wangu, vile vile alivyokuwa wakati ule. Na paka. Unajua paka yule ni nani? Mdogo wangu alikuwa na paka mweusi nyumbani, analala naye, anakula naye. Mtaa mzima ulikuwa unamwita yeye mwenyewe Paka. Na huyo paka amesimama chini ya dirisha la mke wangu!" Sauti ilimpasuka. "Nimefungua ofisi nchi ngapi? Nimenunua kampuni ngapi? Na kila ninapokwenda wananiuliza, yule ndugu yako yuko wapi, yule fundi hasa. Nikajiambia haidhuru, mke nimeoa mimi. Kumbe na hilo alikuwa ametangulia yeye. Niliona giza. Nilichomoa, nikatafuta pa kuisagia."

"Halafu ukatupigia simu."

"Mtunza alipopiga kelele nikakuta keshakamatwa yeye. Nikanyamaza."

"Hukunyamaza. Ulipiga simu ukamtaja yeye. Kuvunja kaseti utamalizana na wenye hisa wako. Kunitumia mimi kumfunga ndugu yako, hilo utamalizana na mimi."

Mlango ulikuwa haujafungwa vizuri. Bi Mchoraji aliusukuma akaingia, na Fundi nyuma yake, amesimama kizingitini kama mtu asiyejua amekaribishwa. Mkurugenzi alimwona mkewe akainuka.

"Sema mwenyewe," alimwambia. "Ulikuwa unamngoja yeye?"

"Kwenye ile picha nilikuwa natazama wapi?"

"Sijui mimi ulikuwa unatazama wapi!"

"Natazama kulia." Bi Mchoraji hakupandisha sauti. "Paka alikuwa kushoto, mgongoni kwangu. Gemu ile nzima inakwenda kulia, mume wangu. Kila paa, kila bomba, paka anakwenda kulia. Umeiuza dunia nzima, na hilo hulijui?"

Mkurugenzi aligeuka kumtazama paka ukutani.

"Ungemsogeza paka mbele kidogo, skrini ingehama. Kuna barabara, na kuna mtu anakuja amebeba begi la midoli, amevaa lile shati lako lililokuwa limepauka mabegani. Ni wewe. Nilikuwa nakungoja wewe. Wakati ule nilikuwa siwezi kukuambia, ulikuwa na maneno mengi mno, humpi mtu nafasi. Nikajisemea, gemu ni yake, ataicheza mpaka mwisho, atakiona. Hukucheza. Ukaja ukasaini chumba kitolewe ili chipu iwe rahisi. Nikasema basi, tutaoana hivyo hivyo, iko siku atakiona. Nikaiweka ile kaseti ya kwanza nisiiguse."

"Mbona hukuniambia? Miaka yote hii?"

"Nilitaka ukione mwenyewe."

Ukutani paka alikuwa bado hewani. Mtunza alikuwa analia bila kujificha, na Subiri, ambaye kazi yake ilikuwa imekwisha, aligundua kwamba hana hamu hata ya kumpigia Mkuu na kumtambia.

Mkurugenzi alimgeukia mdogo wake. Uso wake ulikuwa umemshuka, na kwa mara ya kwanza walifanana.

"Wewe ndiye uliyekiandika hicho chumba."

"Ndiyo."

"Unakikumbuka?"

"Nukta kwa nukta."

"Basi kiandike tena." Alisogea mbele akamshika mikono, na alipoona kidole chenye kitambaa akakiachia haraka. "Nipeleke rumande, nishtaki, chochote. Picha yako nitairudisha nzima, jina lako litangulie langu kwenye kila boksi. Lakini kiandike, nikione. Mara moja tu."

Fundi alimtazama shemeji yake. Ilikuwa mara moja na kwa ufupi, lakini Subiri alikuwa ameishi na wivu muda mrefu kiasi cha kuujua unapopita mbele ya macho ya mtu.

"Aliponiomba nikiandike, kaka, nilikuwa namtaka mimi," alisema Fundi. "Hakujua. Nikakaa kwenye chumba cha kushonea cha mama nikikutengeneza wewe, shati lako, begi lako, mpaka tabasamu lako, ili yeye akutazame. Kila nukta niliiweka kwa mkono huu. Kilipokamilika, ndipo nikajua lazima niondoke." Alirudisha mikono yake mfukoni. "Niliweza mara ile. Sasa siwezi."

Mkurugenzi alimwangalia mkewe, amwombee.

"Mwache," alisema Bi Mchoraji. "Ulibakiza hatua mbili tu kulia."